Naomba Kompyuta Isiyo na Heshima

Nyumbani kwa Bibi Mwanabibi,
Mohoro, Rufiji.
Aprili, 2005.

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Familia ya Kununua Kompyuta,
Kibiti.

Ndugu Mwenyekiti, ambaye pia ni Mjomba wangu Mwinyimvua,

YAH: OMBI LA KUPEWA KOMPYUTA ILIYO DUNI KULIKO ZOTE, PAMOJA NA MALALAMIKO YANAYOHUSIANA NALO

Shikamoo Mjomba. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na nyumba yako, na kwamba duka la spea za baiskeli linapata wateja. Sisi hapa Mohoro hatujambo. Mto umeanza kujaa, lakini Bibi anasema haya ni maji ya kunawia tu, bado hayajawa mafuriko, na Bibi ameyaona mengi kunizidi.

Naandika kwa mkono kwa sababu unazozijua. Naandika pia kwa sababu Jumapili iliyopita, kamati ilipokutana barazani kwako kuchagua kompyuta nyingine baada ya ile ya kwanza kufa, waliulizwa watu wote isipokuwa mimi. Aliulizwa hata yule mteja aliyekuja kuziba pancha, naye akashauri tuchukue nyeusi kwa kuwa haionyeshi uchafu. Mimi nilikalishwa kwenye kiti chenye mto, nikaletewa soda, nikaambiwa nisijisumbue. Nikatii. Nimerudi Mohoro nikiwa na hoja nyingi sana kichwani, kama ilivyo kawaida yangu: kikao kikifunguliwa mimi ni bubu, kikifungwa mimi ni wakili. Basi naomba unisome kama wakili.

Kwanza nikukumbushe kilichopo mezani, maana kamati ilizungumza sana habari za rangi. Msimamizi wangu chuoni amenipa hadi mwisho wa Juni kuwasilisha tasnifu. Sura zake ni tano, nne zimekamilika. Nisipoiwasilisha, sirudii mwaka, Mjomba. Jina langu linafutwa. Itakuwa familia nzima iliuza mpunga wake ili mimi nikasome jinsi wakulima wa mpunga wanavyohifadhi mbegu, jambo ambalo familia nzima ilikuwa inalijua bila kusoma, halafu nikarudi bila hata karatasi ya kuthibitisha kwamba nami sasa nalijua.

Sura hizo nne zimo ndani ya diski ambayo fundi wa Kariakoo aliitoa kwenye kompyuta marehemu. Alisema mashine yenyewe haifai hata kwa spea, ila diski ni nzima, na kazi yangu yote itahamishiwa kwenye kompyuta yoyote tutakayonunua. Sina nakala nyingine. Disketi nilizokuwa nazo zilikuwa ndani ya mkoba uleule wa kompyuta, nazo zilijikunja kwa joto kama dagaa kikaangoni. Kwa hiyo kisomo changu chote kwa sasa kinaenea kiganjani. Nimekifungia ndani ya sanduku langu la bati chini ya kitanda, mbali na mafiga, mbali na moshi na, nisamehe Mjomba, mbali na mama yako. Ufunguo nimeuficha mahali ambapo hawezi kupafikiria.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya.

1. Kuhusu kifo cha kompyuta ya kwanza.

Wakati wa likizo nilikwenda Dimani kuwasalimia wazazi wangu, nikaiacha kompyuta mezani, imefunikwa kitambaa. Niliporudi haikuwepo. Bibi alikuwa ameipandisha juu ya uchaga wa jikoni, pamoja na mkoba wake. Uchaga huo unaujua, wewe mwenyewe ndiye uliyeupigilia kwa zile boriti za mikoko ulizozitoa Maparoni. Uko juu kabisa ya mafiga, na moshi wote wa nyumba unapita hapo kabla haujatafuta njia ya kutokea. Pale juu kuna mahindi ya mbegu, mpunga wa mbegu ndani ya makanda, hati ya shamba, vyeti vyangu vya shule, na sahani za harusi za mama ambazo hazijawahi kuona wali. Kompyuta ilikaa navyo kwa majuma kadhaa, huku chini yake Bibi akikausha kambale.

Nilipoiteremsha, vitufe vilikuwa na rangi ya chai, na masizi yalitoka kwenye kila tundu. Iliwaka mara moja, ikakohoa, ikazimika. Yule fundi wa Kariakoo alipoifungua aliinusa, akaniangalia, akasema, "Dada, hii mlikuwa mnaifanyia kazi au mnaila?" Wateja wake walicheka. Nami nilicheka, ili wasijue ni yangu, nikasahau kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimeipakata.

2. Kuhusu utetezi wa Bibi.

Nilipomuuliza Bibi kwa nini amefanya hivyo, alinijibu kwamba mimi ndiye niliyemwagiza. Na ubaya wake, Mjomba, ni kweli. Katika sura ya tatu nimeandika kwamba uchaga wa jikoni unahifadhi kilicho cha thamani kuliko maghala mengi ya kisasa, na kwamba wataalamu wanapaswa kuuheshimu. Nilijivunia sana sentensi hiyo. Nilijivunia kiasi kwamba nilimsomea Bibi kwa sauti jioni ya kuamkia safari ya Dimani, alipokuwa anapeta mchele. Akaacha kupeta. Akanyamaza. Nikaudhani ukimya wake kuwa ni mshangao wa kumwona mjukuu wake amefika mbali. Kumbe alikuwa anatafuta nafasi uchagani.

"Mke mwenzangu," akaniambia, "umeandika mwenyewe kwamba cha thamani hupandishwa juu. Mimi nimekusikia nikakufuata. Au ulikuwa unawaandikia watu wengine?"

Msimamizi wangu amekaa na muhtasari wa sura ya tatu tangu Novemba na hajanirudishia hata alama ya kalamu. Bibi aliipokea jioni na kuitekeleza asubuhi. Lalamiko langu, kwa hiyo, ni kwamba mtu pekee duniani aliyewahi kuiamini tasnifu yangu ndiye aliyeiua.

3. Kuhusu vigezo vya kamati.

Binamu yangu Shaabani, ambaye kazi yake ni kuuza simu na vifaa vya mtumba Kariakoo, alituletea kompyuta tatu tuchague kulingana na mfuko wetu. Nashukuru kwa jitihada zake. Lakini naomba iandikwe mahali fulani jinsi uchaguzi ulivyofanyika, kwa faida ya vizazi vijavyo.

Ya kwanza ilikuwa mpya, nyembamba, rangi ya fedha. Nakiri niliipenda mpaka nikaona haya, nikaangalia pembeni kama mwali aliyeonyeshwa mchumba. Bibi aliinyanyua kwa mkono mmoja, akaipima kama anayepima kuku sokoni, akairudisha. "Elimu yote hiyo itakaa wapi humu? Hii ni sahani." Nawe ulipotajiwa bei yake ulikohoa, Mjomba, ukaomba maji. Ikaondolewa.

Ya pili ilitoka Dubai, imetumika lakini nzima, nzito, na vitufe vyake vina herufi za Kiarabu pembeni ya hizi zetu. Hapo Bibi alisimama. Aliomba maji anawe mikono kabla ya kuigusa. Shaabani akajaribu kumweleza: "Bibi, hizo ni herufi za kuandikia tu. Wenzetu huko hata risiti ya sabuni wanaiandika hivyohivyo." Bibi akamwambia, "Risiti yao na iwe yao. Mimi herufi hizi nimechapwa viboko nizijue, siwezi kuzipita kama sizijui." Wewe Mjomba uliigeuza ukaanza kuhesabu matundu ya kuchomekea nyaya, ukafurahi. "Angalia mwanangu, matundu sita! Hili ndilo soko huria. Zamani ungepewa lenye tundu moja, tena kwa foleni na barua ya balozi wa nyumba kumi." Hakuna aliyeuliza kama matundu hayo yana kazi gani. Mimi nilijua. Nilikuwa nakunywa soda.

Ya tatu nitaieleza taratibu kwa sababu ndiyo ninayoiomba. Kifuniko chake kimefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli. Kona moja inaonekana kama imetafunwa. Kitufe cha kufutia maneno kimeng'oka, limebaki shimo. Bei yake ni ya aibu. Bibi hakuigusa kwa mkono, aliisogeza kwa kidole cha mguu, akasema, "Hicho kinatafuta pa kufia." Shaabani mwenyewe aliomba radhi kwa kuileta.

Kamati ikaichagua ya Dubai bila kupiga kura.

4. Lalamiko la nne nimelikata. Lilimhusu Shaabani na namna anavyoniita "profesa" mbele ya wateja wake. Nilipolisoma tena niliona ni kilio, si hoja. Naacha namba yake ili usidhani nimekosea kuhesabu.

5. Kuhusu hatari ya heshima.

Mjomba, sipingi kwamba ile ya Dubai ni nzuri. Nasema ni nzuri mno kwa nyumba hii. Tangu tulipotoka Kibiti, Bibi amekwisha sogeza makanda mawili ya mpunga na kupangusa nafasi uchagani. Hajasema ya nini. Mashine yenye herufi alizozitawadhia haitalazwa mezani, wala mkekani, wala kitandani. Itapanda juu. Na juu kwetu ni kule kwenye moshi.

Nimeichunguza familia yetu kwa utulivu wa kitaalamu na nimegundua kanuni: kila tunachokiheshimu tunakiua. Sahani za mama nimekwisha zitaja. Redio ya marehemu babu imevishwa kitambaa cha kufuma kinene hata habari zinatoka kama mtu anayesemea ndani ya mto. Baiskeli yako mpya, Mjomba, imening'inia darini tangu nikiwa darasa la tano, nawe mwenye duka la spea za baiskeli unakwenda msikitini kwa miguu.

Sasa tazama kinu cha Bibi. Kinalala nje. Kinanyeshewa. Kuku wanakiketia, mbuzi wanajikunia mgongo hapo, na Bibi mwenyewe hukisukuma kwa teke akitaka kupita. Kinu hicho kimewazika wanaume wawili na bado kinatwanga. Katika nyumba yetu kitu kikitaka kuishi, basi kisipendwe.

Kwa sababu hiyo naomba ile ya tatu. Bibi ameikataa kwa kidole cha mguu, na hiyo kwangu ndiyo dhamana bora kuliko ya dukani. Itaishi.

6. Kuhusu kitufe kilichong'oka.

Kamati iliona ni kasoro. Naomba kueleza kwa nini ni sifa.

Sura yangu ya tano ni ya hitimisho, na nimeianza mara nyingi kuliko Bibi alivyoanza kuacha ugoro. Mashine ilipokuwa hai, kila asubuhi niliibeba hadi kwa Abbasi, mwenye mashine ya kukoboa mpunga, kwa sababu injini yake ndiyo iliyokuwa inanipa umeme. Nilikaa kwenye gunia. Niliandika: "Kwa kuhitimisha, utafiti huu umeonyesha kwamba." Halafu nikajiuliza, umeonyesha? Nikafuta "umeonyesha". Bila hilo "kwamba" halina kazi, nikalifuta. "Utafiti huu" nao ulionekana kujisifu. Abbasi alipozima injini mchana nilikuwa nimebaki na "Kwa". Siku moja hilo nalo nililifuta.

Watu wa pale walinizoea. Abbasi alikuwa akiniuliza kila nikifunga, "Haya msomi, leo umekoboa debe ngapi?" Nami nikamjibu nimekoboa mpaka punje zimeisha, zimebaki pumba. Alicheka akadhani ni utani.

Mashine isiyoweza kufuta ingenifanya niandike kama Bibi anavyosema: neno likitoka limetoka, anayetaka kukasirika akasirike. Bibi hajawahi kukosa hitimisho maishani mwake. Shaabani alianza kuniambia kwamba ipo njia nyingine ya kufuta, kwa kubonyeza vitufe viwili pamoja. Naomba kamati imzuie asinionyeshe.

7. Kuhusu mimi mwenyewe.

Hili nilikusudia kuliacha. Lakini ukifuata hoja mpaka mwisho wake unafika mahali hukutaka kufika, na chuoni walitufundisha tusigeukie njiani.

Nami niko uchagani, Mjomba. Tangu nilipofaulu kwenda kidato cha tano hakuna aliyenituma kisimani. Nikishika mchi, Bibi ananipokonya: "Toka huko, utaiharibu mikono ya kalamu." Nikikaribia jikoni naambiwa macho yangu ni ya kusomea, yasipigwe na moshi. Nakula kwenye sahani ya peke yangu. Wasichana niliokua nao wakiwa wanacheka, nikifika wananyamaza na kunipisha mkekani. Kwenye harusi ya Salima, ambaye tuliibiana miwa tukiwa wadogo, niliwekwa meza ya mbele karibu na afisa mtendaji wa kata, nikapewa maji ya chupa. Wenzangu walikuwa nyuma ya ua wanacheza ngoma. Niliwasikia. Nilijua hatua zote. Nilikaa nikanywa maji ya chupa kwa uangalifu mkubwa, kwa kuwa afisa mtendaji naye alikuwa ananywa kwa uangalifu, akiogopa kunywa vibaya mbele ya msomi.

Kuna jambo nililiandika katika sura ya tatu nikalipita haraka. Wakulima wote niliowahoji walinieleza: mbegu inapandishwa juu ili ije ishushwe. Mbegu iliyosahauliwa uchagani inaendelea kuonekana nzuri, kavu, safi, haina fukusi. Ila ukiipanda haioti. Naogopa kwamba hiyo ndiyo sababu ya sura yangu ya tano kutokuwepo, na kwamba hata kompyuta ya rangi ya fedha isingeiotesha. Mtu hawezi kuhitimisha habari za mpunga akiwa hajatia mguu kwenye matope miaka saba.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, baada ya kuzipima hoja hizo zote, naiomba kamati yako ifanye yafuatayo:

(a) Inunue kompyuta ya tatu, ile ya kidole cha mguu, na fedha zitakazobaki zitumike kuishusha baiskeli yako.

(b) Itoe tamko kwamba kompyuta hiyo ni chombo cha jikoni, daraja moja na kinu, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuisukuma akitaka kupita.

(c) Initeremshe mimi. Nitumwe. Nigombezwe. Nipelekwe kwenye dungu la shambani nikae juu ya miti kuwinga ndege kama watu wengine. Natambua kwamba dungu nalo liko juu, lakini halina moshi, na mtu anashuka jioni.

(d) Impe Bibi Mwanabibi onyo la maandishi, limkataze kuhifadhi, kupandisha, kufukiza au kuheshimu kitu changu chochote, kuanzia ile diski. Najua ni vigumu kumwandikia mama yako onyo. Nimekuandalia rasimu, iko ndani ya bahasha hii. Nimeiandika upande mmoja tu wa karatasi na nimetumia lugha ya adabu. Wewe kazi yako ni kutia sahihi na kuondoka Kibiti kwa siku chache.

Bibi amepita sasa hivi akaniuliza naandika nini. Nimemwambia ni mambo ya shule. Akaenda akaniletea mto wa kukalia.

Nisalimie sana mkaza mjomba, na umwambie vile vitumbua vya kwenye kikao vilikuwa vizuri ingawa niliwekewa peke yangu kwenye kisahani. Nisalimie watoto wote, wakubwa kwa wadogo, na yule mteja wa pancha. Msalimie Shaabani akipiga simu, umwambie sina kinyongo naye; kile nilichokuwa nacho nimekikata kwa kalamu. Wasalimie majirani wanaoniulizia na wasioniulizia. Nakuombea afya na ujasiri, hasa ujasiri, ukizingatia kipengele (d).

Mimi mpwa wako mtiifu, ninayeandika kutoka juu,

Mwanamina Mshamu.

Nyongeza:

Mjomba, barua hii niliifunga jana ikasubiri basi. Basi halikuja, barabara imezama. Leo baada ya adhuhuri maji ya kunawia yaliingia ndani bila hodi, na sasa yako magotini. Usihangaike, tu wazima wote wawili, na majirani wanasema mto umekwisha anza kutulia. Bibi amekaa juu ya meza yangu ya kusomea, aliyoiburuta hadi jikoni, miguu kaiweka kwenye kiti, juu ya ule mto alioniletea. Mimi niko juu ya uchaga. Nasema kweli. Bibi alinipigia kelele, "Panda!" Nikamwambia ngoja kwanza nichukue sanduku. Akasema, "Panda wewe, au unasubiri kadi ya mwaliko?" Nikapanda, bahasha yako kifuani. Boriti zako ni imara. Nimekaa katikati ya mahindi na sahani za mama, kwenye ile nafasi iliyopanguswa.

Lakini kabla ya kupanda nilikuwa nimekwisha lifikia sanduku. Lilikuwa limejaa maji hadi juu. Nikalifungua na kupapasa mle ndani. Madodoso yangu yote ya utafiti yalikuwa uji. Diski haikuwepo. Nililia, Mjomba, kwa sauti, bila adabu yoyote ya kitaalamu. Nililia sura nne, na mpunga wenu, na Juni.

Bibi aliniacha nilie nikiwa huku juu, halafu akasema, kama mtu anayeomba chumvi, "Hebu nipe hilo kopo la maziwa, hapo mkono wako wa kulia. Polepole."

Mdomo wa kopo ulikuwa umezibwa kwa nta. Ndani kulikuwa na pumba kavu za mpunga, zimeshindiliwa vizuri. Katikati ya pumba kulikuwa na kipande cha kanga. Ndani ya kanga kulikuwa na diski, kavu kama mpunga wa mbegu. Iliondoka sandukuni siku ileile niliyoifungia. Nimelinda sanduku tupu siku zote hizi, na kulifunga, na kuandika habari zake kwa maneno makali. Ufunguo nilikuwa nimeuficha ndani ya kopo la iliki. Bibi anapika chai kila asubuhi. Ni mimi tu katika nyumba hii nisiyejua iliki ni ya kazi gani.

"Safari ile nilikosea mimi," akasema. "Kile kidude hakitaki moshi. Nikaona nikijaribu kwa pumba. Kaandike hivyo."

Nimeandika. Karatasi pekee kavu niliyokuwa nayo, ukiacha mgongo wa barua hii, ni ile rasimu ya onyo, ambayo kwa bahati niliiacha wazi upande wa nyuma. Hapo nimeanza sura ya tano. Nimeandika kwa wino, kwa hiyo haifutiki, na kufikia sasa imejaa hadi pembeni. Utaona bahasha ni nyembamba kuliko nilivyoahidi. Onyo halimo, na hutalipata.

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, naomba malalamiko yangu yote, pamoja na lile la nne, uyahesabu kuwa hayakuandikwa. Kipengele (c) kimekwisha tekelezwa bila kamati: Bibi amesema maji yakipungua, matope yote ya nyumba hii ni yangu, na ameniuliza kama chuoni walinifundisha kushika jembe au waliniambia tu lipo.

Kuhusu kompyuta, nunueni mnayotaka, hata hiyo ya Dubai. Nimekufungia humu kamba ya ukindu yenye mafundo mawili. Ni upana wa nafasi iliyopo uchagani, kuanzia kopo la maziwa hadi kwenye mahindi. Mpe Shaabani aipimie kompyuta kabla hamjalipa. Bibi anasema iwe fupi kuliko kamba kwa vidole viwili kila upande, ili pumba zipate pa kukaa.